Sauti Aliyoijua Mshauri

Pale zahanati, chumba cha mwisho karibu na choo, alifanya kazi mshauri nasaha aliyesifika kwa kunyamaza. Watu walitoka mbali kuja kunyamaziwa. Walishachoka na mama zao, mashangazi na majirani, wote mabingwa wa "ningekuwa mimi." Mshauri alivuta kiti, akamwacha mtu alie mpaka kamasi zimwishe, na hakumwambia yeyote fanya hivi, acha vile.

Alikuwa na utaratibu wake mmoja: jina la aliyekuumiza hulitaji, unampa la utani. Jina halisi humfunga mtu mdomo, alisema.

Basi fundi cherehani mmoja, mwanamke aliyevaa mikono mirefu hata jua likiwaka, alimpa mwanamume wake jina la Bosi. Bosi alikuwa akimpiga, kisha analia kuliko aliyepigwa. Mwezi wa kwanza fundi aliongea na sakafu. Mwezi wa nne alishahama kwa Bosi, amepanga chumba chake na cherehani yake, na siku hiyo aliingia akicheka.

"Dada, siku hizi nalala kama mtoto! Ila Bosi ananitumia sauti, anataka turudiane. Hebu sikiliza."

Akabonyeza simu. "Mpenzi, nimekosa. Sili, silali. Niue basi ujue moja."

Mshauri aliijua sauti ile kabla haijafika neno la tatu. Mwenye sauti hiyo ni yeye aliyembeba mgongoni tangu ana miezi sita, mama yao alipolazwa hospitali. Mdogo wake, kitinda mimba. Na kweli alikuwa hali chakula. Jumapili iliyopita alimwona kwa mama, mashavu yamebonyea, akasema ameachwa bila kosa.

Hapo ndipo pa kusema: simama mama, huyo ni damu yangu, nikupeleke kwa mshauri mwingine. Alisomea hilo, akapewa na cheti. Lakini aliyenyamaza miaka yote, siku hiyo ndiyo akafungua mdomo.

"Labda naye ana maumivu yake," akasema. "Watu hubadilika."

Fundi akamkazia macho. "Wewe kweli unaona hivyo?"

"Uamuzi ni wako."

"Hujawahi hata siku moja kuniambia unavyoona. Ukiona wewe, basi kuna kitu."

Wiki iliyofuata fundi hakuja, wala iliyofuata hiyo. Mshauri alijiambia amepona. Alijiambia mara nyingi mno kwa mtu anayeamini.

Miezi miwili baadaye mama yao akawaita watoto wote: kitinda mimba analeta mchumba. Bosi akaingia amenenepa, amenyoa vizuri, kicheko kinatangulia. Nyuma yake fundi, mikono ya gauni mpaka kwenye viganja.

"Huyu ndiye dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea," Bosi akasema. "Msalimie wifi yako."

Fundi akainua uso. Midomo ikamcheza kidogo tu.

"Shikamoo, wifi."

"Una bahati mwanangu!" mama akadakia. "Wifi yako kazi yake kutibu mioyo ya watu. Ukiwa na lolote, mkimbilie yeye."

Nyumba nzima ikacheka.

Wakabaki wawili jikoni na vyombo. Fundi akafungulia maji kwa nguvu ili wa sebuleni wasisikie.

"Siku ile nilipokuwekea sauti, ulimjua?"

Mshauri akaweka sahani chini. "Nilimjua."

"Mimi nikadhani nimejibiwa na mshauri. Kumbe nimejibiwa na wifi."

"Tutoke sasa hivi, kwa mlango huu wa nyuma. Nakupeleka mwenyewe. Mama nitamwambia yote."

"Nitoke na nani? Na wewe?" Fundi hakupandisha hata sauti. "Miezi minne nimekuvulia nguo za moyo wangu, wewe ukamfunika ndugu yako."

Sebuleni Bosi akaita mara moja, kwa sauti tamu. Fundi aliruka kama aliyechomwa, akafuta mikono, akabeba trei ya chai akaenda mbio.

Mshauri akabaki na maji yanamwagika. Huko sebuleni mama yake alikuwa akisifu jinsi mkwe alivyo mwepesi wa kuitika.