Sekunde Kumi na Moja

Mwenzangu wa meza ya dirishani anaandika maneno ya watu. Huu ni mwaka wake wa kumi na mbili katika kazi hiyo, na ukimwuliza zaidi ya hapo hataongeza neno. Watafiti wa chuo wanakwenda huko nje na vinasa sauti vyao, wanahoji watu, kisha wanatuletea rekodi huku chini, chumba cha mwisho, jirani na stoo ya viti vibovu. Yeye anavaa hedfoni, anaweka mguu kwenye pedeli ya kusimamisha na kurudisha sauti, anaandika kila kilichosemwa. Mimi ni mhakiki. Nasikiliza upya rekodi ileile huku nikisoma alichoandika, natafuta makosa. Kwake huwa siyapati, na hilo linaniudhi, kwa sababu linanifanya nionekane nalipwa bure.

Hapa tunasikia kila kitu. Idara ya sanaa inaleta wanamuziki wazee wanaobishana nani alitunga wimbo gani. Sayansi inaleta wafugaji wa nyuki. Tiba inaleta wagonjwa. Watu wa kompyuta ndio kichekesho: walituletea watu mia tatu, kila mmoja akisoma sentensi ileile, "Tafadhali fungua dirisha," ili mashine ijifunze kusikia. Nilimwambia mwenzangu kwamba mashine ikishahitimu, sisi wawili tutatolewa kwa dirisha hilohilo. Akaandika sentensi ya mia mbili na kumi bila kugeuza shingo.

Kanuni zetu zimebandikwa ukutani, na mkanda wa gundi umeshageuka rangi. Majina hayaandikwi, ukisikia jina la mtu, unaweka mabano na ndani yake neno "jina", basi. Kimya nacho kinaandikwa kwa hesabu ya sekunde. Ukiitambua sauti ya mtu, unaacha kazi palepale na kurudisha rekodi kwa mratibu wa ofisi. Na rekodi ikishahakikiwa, inafutwa. Kila Ijumaa saa tisa mratibu anashuka na fomu yake, sisi wawili tunasaini, yeye anafuta, na kinachobaki ni karatasi.

Ana namna yake ya kufanya kazi. Anapunguza mwendo wa rekodi mpaka nusu, asikose hata kikohozi. Mashine yake ni ya kizamani. Ukipunguza mwendo, sauti nayo inashuka, na kila mtu anakuwa na sauti moja nzito ya kuburuta, kama mzee aliyeamshwa usingizini. Kwa miaka yote hiyo amekuwa akimsikiliza mzee huyo mmoja. Mimi nahakiki kwa mwendo wa kawaida.

Alikuwa akiishi na mama yake, wawili tu. Mama alikuwa msemaji hasa. Kila siku saa sita alipiga simu ya ofisi kuuliza kama binti yake amekula, na kwa kuwa binti alikuwa na hedfoni, nilipokea mimi. Akanipa habari za mtaa mzima: nani kahama, nani kanuniana na nani, na kwa kosa la nani. Yule mama alimwita binti yake kwa jina la utotoni, ambalo sitaliandika hapa. Kazi ni kazi.

Nyumbani, mwenzangu hakuwa na masikio. Aliniambia hivyo mwenyewe bila kuona haya. Akifika anataka kimya tu. Mama akianza hadithi, anamkatiza kwa upole, "Kesho, Mama," na mama anasema sawa, anarudi jikoni.

Likizo yake ya mwaka jana aliniachia mimi. Zamu ilikuwa yake, lakini paa langu lilikuwa limeng'oka kwa upepo, nikamwomba tubadilishane. Akasaini kwenye fomu yangu, pale penye nafasi ya anayebaki na kazi, wala hakuuliza paa lenyewe lina ukubwa gani. Zamu yake haikurudi tena mwaka ule.

Mama yake akafa mwaka huu, kwa figo. Alilala hospitali siku kumi na nane, na sote tulidhani ugonjwa ulikuwa wa siku kumi na nane. Mwenzangu alipewa siku nne za msiba. Siku ya tano alikuwa mezani, uso mkavu, mguu kwenye pedeli. Mazikoni hakulia, na watu walisema kama watu wanavyosema. Mimi nililia kuliko yeye mpaka nikaona aibu. Nilipomwuliza anaendeleaje, alisema amekufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa vibaya. Anakula kwa sababu saa ya kula imefika.

Jambo moja tu aliwahi kulisema, mwezi wa tatu baada ya msiba, akiwa anaosha kikombe. Alisema sauti ya mama yake imemtoka. Uso anaukumbuka, na maneno anayakumbuka, ila sauti yenyewe akiitafuta haioni. Mama alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti karibu kila siku, naye alikuwa akisikiliza na kufuta papo hapo, mazoea ya kazini.

"Ningepata hata dakika moja," alisema. Kisha akakausha kikombe na kukirudisha mahali pake.

Mwezi uliofuata watu wa tiba walileta rekodi arobaini walizokusanya mwaka jana. Walikuwa wanatafiti kwa nini wagonjwa wa figo huwaficha jamaa zao ugonjwa. Mwenzangu aliandika rekodi nne kwa siku, kama kawaida yake. Jumatano mchana mimi nilichukua ya mshiriki wa ishirini na saba, nikavaa hedfoni, nikafungua ukurasa wa kwanza. Sauti ikasema, "Haya, uliza, mwanangu, mimi kusema sijambo."

Ilikuwa ni ile sauti ya simu ya saa sita.

Kanuni inasema acha. Sikuacha. Nilifuata mstari kwa mstari na kidole changu, na kwenye karatasi hapakuwa na kosa hata la nukta. Mama alipocheka, mabanoni imeandikwa anacheka. Alipokohoa, anakohoa. Kwenye ukurasa wa nne mtafiti alimwuliza ni nani nyumbani anayejua habari za ugonjwa wake, naye akajibu hivi:

"Hakuna. Nina binti yangu," akamtaja kwa lile jina, "kazi yake ni kusikiliza watu kutwa. Akirudi masikio yamechoka. Nikasema huyu nimpumzishe. Nitamwambia akipata likizo." Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mwaka huu hajapata."

Kwenye karatasi, mahali pa jina lake mwenyewe, mwenzangu alikuwa ameweka mabano na neno "jina". Ameliondoa kama alivyoondoa maelfu ya majina mengine, kwa mwendo wa nusu, mzee wake mmoja akiburuta maneno masikioni. Hakujua ni nani aliyekuwa akisema naye.

Nilivua hedfoni, nikatazama mgongo wake. Alikuwa anaandika. Niliona aibu, na hasira pia, sijui hasira kwa nani. Paa langu halivuji tangu mwaka jana. Nikinyamaza, Ijumaa saa tisa tungesaini sote wawili, na dakika aliyoitamani ingefutwa mbele ya macho yake, huku ameshika kalamu. Nikirudisha rekodi kwa mratibu kama kanuni inavyotaka, ingefutwa vilevile. Na nikimwambia, nitakuwa nimemfikishia alichofichwa. Nikaenda nalo nyumbani. Asubuhi nilimwita tu.

"Mdogo wangu, ukurasa wa nne una kasoro."

Alikuja haraka, maana neno hilo halijawahi kumhusu. Akauliza kasoro gani. Nikamwambia asikilize kwenye mashine yangu, kwa mwendo wa kawaida, tena aanzie mwanzo. Nikamwachia kiti na kusimama.

Alisikiliza dakika thelathini na nane. Uso haukubadilika. Mkono tu ndio uliokuwa juu ya karatasi, kidole kikifuata mistari kama changu, na kilipofika kwenye lile neno la mabanoni kikasimama. Akarudisha nyuma kidogo, akasikiliza tena pale, macho yake kwenye saa ya ukutani. Akarudia mara ya tatu. Halafu akavua hedfoni na kuchukua kalamu yangu.

"Hapa niliandika kimya, sekunde tisa," alisema. "Ni kumi na moja."

Akakata tisa, akaandika kumi na moja juu yake, akatia saini ndogo pembeni kama utaratibu unavyotaka. Kisha akapanda ngazi kwenda kwa mratibu, na mimi nyuma yake.

Hakumwaga machozi wala hakubembeleza. Alimweleza mratibu rekodi ni ya nani, na akaomba apewe. Mratibu si mtu mbaya. Alitupa viti, akafungua kabati, akatafuta fomu ya ridhaa ya mshiriki wa ishirini na saba na kumwekea mbele. Maswali yalikuwa sita. Kwenye la tano, kama jamaa zako wapewe rekodi hii iwapo wataiomba, mama alikuwa ametia alama kwenye hapana, na chini kabisa ameweka saini, ile ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, kila herufi peke yake. Mwenzangu aliitazama saini hiyo kwa muda mrefu, akasukuma karatasi kwa mratibu, akashukuru.

Kwenye ngazi nilimshika mkono. Nilimwambia mratibu hashuki mpaka kesho saa tisa, simu yangu ina nafasi, dakika moja tu, nani atajua. Nilisema kwa kunong'ona na nilikuwa na nia kweli.

"Aliwaambia wao, Dada," alinijibu. "Mimi hakuniambia."

Ijumaa ile tulisaini. Yeye alisaini kwanza, kama mwandishi, mimi nikafuata. Mratibu aliuliza kama tuko tayari, akajibiwa ndiyo, akabonyeza. Rekodi za wiki hiyo zilichukua chini ya dakika moja kufutika. Mwenzangu alirudi mezani, akavaa hedfoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaiacha mashine kwenye mwendo wa kawaida. Alikosa maneno mengi siku hiyo. Nilikuta makosa kumi na saba na sikufurahia hata moja.

Jumatatu aliniletea karatasi nisaini. Ilikuwa fomu ya likizo, wiki tatu kuanzia kesho yake, na kwenye nafasi ya anayebaki na kazi ameacha wazi kwa ajili yangu. Niliisoma kama ninavyosoma kila kitu chake. Namba ya ajira sawa, tarehe sawa. Kwenye mstari wa sababu ya likizo alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake ule usio na haraka, "Kumuuguza mama."

Nikainua macho. Alikuwa amesimama, mkoba tayari begani, ananisubiri.

Miaka yote hii nalipwa kusahihisha. Nikachukua kalamu, nikasaini, nikampa.