Suruali Isiyo na Pindo

Bibi yangu mzaa baba ni fundi cherehani, na watu wote wanamwita Bibi Pindo. Jina hilo alilipata kwa kazi ya mikono yake. Ukimpelekea sketi iliyofumuka, atakurudishia na pindo lililonyooka kiasi kwamba hata ukiigeuza ndani nje hutajua uzi umeanzia wapi. Cherehani yake ya kukanyaga iko barazani, na ng'ambo ya barabara ya vumbi ndiyo zahanati. Kwa hiyo anamwona kila anayeingia na kila anayetoka, na mara nyingi anajua pia kilichompeleka.

Mtoto wa habari hii ni mimi. Sikumbuki chochote, kwa maana nilikuwa sijaanza hata kutambaa. Nimeyapata haya kwa Bibi, kwa mama, na kwa nesi wa zahanati ambaye sasa amestaafu, na watatu hao hawaachi kubishana. Mama anasema suruali ilikuwa ya bluu. Bibi anasema ilikuwa ya kijani, na kwamba mama hajawahi kujua rangi. Katika jambo lenyewe hawapishani.

Nilizaliwa na uzito mzuri. Miezi ya mwanzo nilinenepa kama inavyotakiwa, halafu uzito ukasimama. Kila siku ya kliniki, mizani ya zahanati hutundikwa kwenye boriti ya baraza. Ina uso wa duara kama saa, mshale mmoja, na kulabu kwa chini. Mtoto huvalishwa suruali ya kitambaa yenye mikanda, mikanda hutiwa kwenye kulabu, naye huachwa ananing'inia huku akilia kama mtu aliyedhulumiwa. Suruali za zahanati zilikuwa zimechakaa, basi akina mama walikuja na za kwao, na nyingi zilitoka kwenye cherehani ya Bibi. Mama alinitundika, mshale ukaenda mpaka palepale ulipokuwa umefika kliniki iliyopita. Kliniki iliyofuata ukarudi nyuma kidogo.

Kwenye benchi la kusubiria watu hawakukosa la kusema. Msusi mmoja, ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko vidole vyake, ndiye aliyeanza.

"Yule maziwa yake mepesi," alisema, bila hata kushusha sauti. "Mtoto ananyonya kutwa, anakunywa maji matupu."

"Labda hali vizuri," akadakia mwingine.

"Anakula. Mama mkwe wake ana cherehani, atakosaje kula? Ni maziwa tu."

Mama aliyasikia yote. Tangu siku hiyo hakukaa tena kwenye benchi. Alisimama ukutani mpaka zamu yake ifike. Baba alikuwa kwenye kazi za ujenzi mbali, anarudi kwa nadra, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: Bibi, mama na mimi. Bibi anasema mama alianza kunywa uji kwa vikombe vikubwa, anafumba macho na kumeza kama anayekunywa dawa, ili maziwa yawe mazito. Alikuwa akila na kulia kwa wakati mmoja.

Ndipo nesi akasema neno lililowatisha wote wawili. "Kliniki ijayo mtoto asipoongezeka, nitawaandikia mwende hospitali kubwa mkalazwe."

Kwetu wakati ule hospitali kubwa ilitajwa kwa sauti ya chini. Ilikuwa mbali, na watu walipelekwa huko wakiwa wamezidiwa. Jirani mmoja alikwenda na mtoto mgongoni akarudi na kanga tupu. Bibi alimwona akishuka kwenye gari, na hakuweza kuisahau ile kanga. Tena alijua kwamba mama akiondoka na mtoto mgonjwa, benchi zima litasema msusi alisema kweli.

Basi Bibi akafanya alichojua kufanya. Alishona suruali mpya ya kupimia, ya kitambaa kizito, na kwenye miguu akaweka pindo pana la mikunjo miwili. Ndani ya pindo akatia mchanga mkavu aliouchekecha kwa chandarua kikuukuu. Akapiga mishono ya kukatisha ili mchanga usijikusanye upande mmoja. Ilikuwa kazi safi. Hata leo akiielezea husahau kuona haya, anaingiwa na fahari ya ufundi.

Alitaka kujua suruali ina uzito gani, akaipeleka dukani na kuiweka kwenye mizani ya sukari.

Mwenye duka akamtazama. "Bibi, nguo siku hizi unauza kwa kilo?"

"Nipimie, baba. Maswali utaniuliza kesho."

"Nguo nzito hivi ya mtoto mchanga? Au mjukuu anakwenda vitani?"

"Anakwenda kliniki," Bibi akasema, akachukua suruali yake akaondoka.

Mama hakujua lolote. Siku ya kliniki ilipofika Bibi alimkabidhi suruali mpya, akamwambia ile ya zamani imepasuka. Zahanati ilifurika, nesi alikuwa peke yake, mtoto mmoja anashuka mwingine anapanda. Mama akanivalisha, nikatundikwa, nikalia. Mshale ukapanda.

Nesi aliutazama mara mbili, kisha akaita benchi zima. "Mnamwona mama huyu? Amefuata maelekezo. Mtoto amepanda. Hongera sana, mama. Hospitali hatuendi tena, endelea hivyo hivyo."

Bibi aliona kila kitu kutoka kwenye cherehani yake. Aliona msusi ameinamisha kichwa akijifanya anatafuta kitu mkobani. Aliona mama akivuka barabara karibu anakimbia, nami begani. Anasema hiyo ndiyo dakika aliyofurahi kuliko zote, na haikudumu hata mpaka chakula cha mchana.

Mama aliingia chumbani akatoa begi chini ya kitanda. Bibi hakuwa analijua begi hilo. Ndani mlikuwa na kanga mbili, sabuni, kikombe, nguo zangu zilizokunjwa vizuri na soksi. Mama alikuwa amejiandaa kwenda hospitali kwa siri, bila kumwambia mtu, kwa sababu moyo wake ulikuwa unamwambia mtoto anaumwa. Sasa akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukirudisha mahali pake.

"Mama," akamwambia Bibi, na uso wake ulikuwa umefunguka, "nilidhani maziwa yangu mabaya. Kumbe mwanangu alikuwa anajivuta tu. Sasa roho imetulia."

Bibi akanichukua akaenda kuniogesha uani. Alinikalisha kwenye beseni, akapitisha mkono wenye sabuni kwenye paja langu, na ngozi ikafuata mkono. Ilikuwa imelegea na kujikunja. Bibi ameshona nguo maisha yake yote. Kitambaa kilichokatwa kikubwa kuliko mwili anakijua kwa kukigusa tu. Alikunja ile ngozi kati ya vidole kama anayepima pindo, ikabaki imekunjwa.

"Nikaona nguo bado ni ileile," huwa anasema, "ila mwenye nguo anapungua ndani."

Hakumaliza kuniogesha vizuri. Mama anasema nilirudishwa na povu masikioni. Bibi alichukua ile suruali, akaiweka chini ya kwapa, akavuka barabara. Zahanati ilikuwa imeshamaliza watu. Nesi alikuwa amekaa kwenye kiti, viatu amevivua, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Shikamoo, Bibi. Umekuja kuchukua hongera zako?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuzirudisha." Akaiweka suruali mapajani kwa nesi.

Nesi aliishika, akaipima mkononi. Kisha akainuka bila viatu, akaitundika kwenye kulabu, tupu. Mshale ukasogea, ukatulia.

"Suruali yako imeshiba, Bibi," akasema.

"Nimetia mchanga."

"Nimeona."

"Mkwe wangu hajui. Usimseme yeye. Nilitaka tu wamwache, wasimwite mwenye maziwa mepesi. Nikaogopa na hospitali. Sasa nimeona paja la mtoto."

Nesi aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba alitaka kukasirika na akashindwa. Alikuwa ameshaona watoto waliovalishwa masweta matatu jua linawaka, na mmoja aliyekuwa na kufuli ndani ya nepi. Lakini mchanga ulioshonewa kwa mishono ya kukatisha hakuwahi kuuona. Na alijua kwamba naye alipaswa kuitundika suruali tupu kabla ya mtoto, ili uzito wake usihesabiwe, kila suruali, kila mara, na kwamba kwa haraka zake alikuwa ameacha kufanya hivyo.

"Kosa ni letu sote wawili," alimwambia Bibi. "Gari la chanjo linarudi mjini kesho asubuhi, nitawaombea nafasi. Lakini mkwe wako utamwambia wewe mwenyewe. Hilo silibebi."

Safari ya kuvuka barabara kurudi ilikuwa ndefu. Mama alikuwa anaosha vyombo. Bibi hakutafuta maneno ya kuzungukia. Alisema amefanya nini, kwa mkono upi, na mchanga kiasi gani. Mama aliendelea kusugua sufuria moja ambayo ilikuwa tayari imetakata.

"Mama, ungeniuliza," akasema mwishowe.

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo maana ungeniuliza."

Mama alijifuta mikono, akaingia chumbani, akalivuta lile begi na kuanza kupanga upya: kanga, sabuni, kikombe, soksi. Alipofika kwenye nguo zangu Bibi akapiga magoti kando yake, akazikunja yeye. Kisha akaweka na gauni lake mwenyewe juu.

"Hilo la nini?" mama akauliza.

"La kwangu. Ulidhani nitabaki hapa nashona?"

Hospitalini tulilazwa katika wodi ya watoto. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Hakumuuliza mama kuhusu maziwa. Aliuliza kuhusu homa za kuja na kuondoka, kuhusu kulia wakati wa kukojoa, kuhusu mambo ambayo mama alikuwa ameyaona na hakuna aliyewahi kumuuliza. Wakapima mkojo wangu na damu. Nilikuwa na maambukizi katika njia ya mkojo, yaliyojificha kwa muda mrefu, yakila kila nilichonyonya. Damu nayo ilikuwa imepungua. Nilipewa dawa ya sindano, kisha ya kunywa, na maziwa maalumu ya kuongezea, na mama akaambiwa aendelee kuninyonyesha kila nilipotaka.

"Kwa hiyo maziwa yangu?" mama akauliza.

"Maziwa yako hayana kosa lolote," daktari akasema. "Ndiyo yaliyomfikisha hapa akiwa hai."

Bibi, aliyekuwa kwenye kiti pembeni, akaweka kiganja sikioni. "Hebu rudia, mwanangu. Masikio yangu mazito."

Daktari akarudia.

"Kwa sauti kubwa kidogo."

Akarudia kwa sauti, mpaka akina mama wa vitanda vya mwisho wakageuka. Masikio ya Bibi hayana tatizo. Anasikia uzi ukikatika chumba cha pili. Mama anasema hapo ndipo alipomsamehe, japo alimwambia baadaye sana.

Tulirudi na mimi mgongoni, mzito kiasi cha mama kulalamika kwamba kanga inambana. Siku ya kliniki iliyofuata Bibi alifunga cherehani, akavuka barabara, akakaa kwenye benchi katikati ya watu, na mama akakaa kando yake. Hakungoja msusi aanze. Alieleza mwenyewe habari ya mchanga, tangu chandarua mpaka mizani ya sukari, na ya daktari, neno kwa neno. Watu walicheka mpaka nesi akatoka kuuliza kuna nini. Msusi alicheka pia, na wakati wa kuondoka akamwambia mama, "Njoo nikusuke, hiyo nywele imechoka na safari." Mama alikwenda.

Mimi leo nimemaliza chuo. Watu hunipongeza kwa elimu yangu, nami hushukuru, lakini najua shukrani zangu zinaanzia wapi: kwa mama aliyepanga begi mara mbili, kwa nesi asiyemwaibisha mtu, kwa daktari aliyekubali kurudia. Na kwa Bibi, aliyevuka barabara na aibu yake chini ya kwapa wakati angeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angejua mpaka tungekuwa tumechelewa.

Baada ya mambo hayo nesi alimwomba ashone suruali za zahanati, na tangu hapo ndiye anayezishona zote. Mgeni akiziona hushangaa. Fundi anayesifiwa kwa mapindo, suruali zake za kupimia hazina pindo. Kingo zimefungwa kwa uzi tu, nyembamba, huwezi kuficha humo hata punje ya mchele.

Wiki iliyopita nilikaa naye kwenye benchi. Msichana mmoja, mama kwa mara ya kwanza, alikuja na mtoto aliyevimba kwa masweta, jasho linamtiririka. Bibi akamsogelea.

"Mwanangu, mimi nilitia mchanga. Wewe umetia nini?"

Yule msichana alimtazama, akanitazama mimi, akaona hakuna anayemcheka. Taratibu akaanza kumvua mtoto sweta la kwanza, kisha la pili. Bibi akayapokea, akayakunja vizuri mapajani, akanyoosha mkono kuomba la tatu.