Duara la Nyuma ya Kanisa

Wiki ile niliyoacha kulala nilikuwa na furaha kuliko wiki nyingine yoyote ya maisha yangu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watu wakisikia niliwahi kuumwa akili hunitazama kwa huruma, na huruma yao inanichosha. Sikuzurura, sikuokota makopo. Niliimba.

Mimi ni fundi cherehani kwenye senta moja ya wachimbaji upande wa Geita, ingawa kwetu ni Tinde, kwa wakulima. Wanawake wa kanisani tulikuwa tumefunga siku saba, maji tu. Siku ya nne nilikuwa barazani nashona sare za kwaya, na nilipoinua macho kutoka kwenye pindo, kila kitu kilikuwa kimebadilika bila kubadilika. Chaki yangu, mkasi, kuku wa jirani anayependa kulala juu ya vitambaa vyangu, vyote vilikuwa vinanipenda. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilijua Mungu yupo, nikajua hana haraka, na nikawa na hakika kwamba hata yule kuku analijua hilo. Nililia kwa furaha mpaka nikalowesha sare ya mtu wa sauti ya nne.

Lile la siku ya nne silikani hadi leo. Tatizo ni kwamba baada ya pale nilikataa kushuka. Mfungo uliisha, wenzangu wakala, mimi sikuona haja. Kulala nikaona ni kupoteza muda. Nilimaliza sare za kwaya nzima kwa siku mbili, halafu nikaanza kushona sare za kwaya ambayo haipo. Kila niliyekutana naye nilimwamkia shikamoo, hata mtoto wa miaka mitatu, naye akaitikia marahaba bila wasiwasi wowote.

Jumapili baada ya ibada nikaenda nyuma ya kanisa, nikasimama karibu na uzio wa minyaa, nikanyoosha kidole chini.

"Hapa chini kuna kitu kinawaka," nikasema. "Nakiona."

Nilikuwa na maana gani, mpaka leo sijui. Mahali pengine watu wangesema amina wakaenda zao kula. Lakini nusu ya kanisa letu ni wachimbaji, watu wanaosafiri mpaka kwa waganga kutafuta wa kuwaonyesha pa kuchimba, na sasa walikuwa wameletewa mama aliyefunga, wa bure, nyuma ya kanisa lao wenyewe. Jumatatu asubuhi walishapima duara, maana hivyo ndivyo wanavyoliita shimo la kutafutia dhahabu, na sururu zilikuwa kazini. Wa kwanza kuingia alikuwa mume wangu.

Baadaye nilimuuliza, yeye mwenye miaka mingi ya kusoma miamba, alipatwa na nini.

"Wewe hujawahi kunidanganya," akasema. "Nikajua na hilo ni kweli."

Nilimpenda upya kwa jibu lile la kijinga.

Wiki ya pili furaha ilianza kuchacha. Mawazo yalinijia kwa kasi hata sikuweza kumaliza sentensi, sindano ikanichoma kidole mara tatu asubuhi moja. Majirani walikuwa na majibu yao tayari. Wengine walisema ni Roho. Wengine wakasema masamva, yaani mizimu ya kwetu, inaniita nikawe mganga kama alivyokuwa bibi yangu. Mume wangu alitoka shimoni na vumbi mpaka kwenye kope, akampigia simu mama yangu.

Mama alikuja kwa basi, amebeba michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, ambavyo kwake ni chakula, zawadi na dawa. Akakaa, akanitazama nikiongea bila kupumua. Nikamwambia nimeitwa.

"Ng'wanone," akasema, na mama akiniita mwanangu kwa Kisukuma najua hakuna mzaha. "Mama yangu aliitwa na masamva, nimekua naye nyumba moja. Alikuwa anamaliza ugali wake, halafu anamalizia na wangu, na akilala anakoroma. Aliyeitwa anakula. Aliyeitwa analala. Wewe huli, hulali. Unaumwa. Twende hospitali."

Nilibishana naye njia nzima, yeye akiitikia "ndiyo, ndiyo" na kunishika mkono asiniachie.

Aliyetupokea hospitali alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye miwani, hana papara. Nilimweleza vyote, pamoja na kuku. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hicho ulichokiona pale barazani, kilikuwa kizuri?"

Nikasema kizuri sana.

"Basi hicho ni chako, mimi sikigusi. Ninachotaka kutibu ni huku kutolala."

Akaniandikia vidonge, akanikataza kufunga, akasema niwe narudi kumwona.

Vidonge nilivipokea kwa adabu zote, na nilipofika nyumbani nikavificha kwenye kopo la vifungo. Niliogopa kitu kimoja tu. Niliogopa kwamba nikivimeza Mungu ataondoka, na kwamba ataondoka kwa sababu hakuwahi kuwepo. Kama huu ni ugonjwa, nilijiambia, basi ulikuwa ugonjwa tangu siku ile ya nne, chaki na kuku na vyote. Nilikuwa radhi kuumwa naye kuliko kupona bila yeye.

Aliyenitoa hapo ni mchungaji, tena bila kujua. Alikuja siku ya pili yake, akakaa kwenye benchi la wateja, akawa anakunja na kukunjua kofia yake.

"Mama fundi," akasema, "shimo limefika mita kumi na udongo umeanza kumeguka. Wenzetu wanauliza kama unachokiona bado kiko chini zaidi, au waishie hapo."

Nikamuuliza nani yuko chini sasa hivi.

"Baba watoto," akasema.

Nilikwenda mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, mama akinifuata nyuma na kanga yake mkononi. Njiani nilielewa kwamba leo sitakiwi kuamua lolote kuhusu Mungu. Nilitakiwa kusema ukweli kuhusu shimo. Nikasimama ukingoni nikapaza sauti.

"Tokeni humo. Hakuna kitu. Nilikuwa naumwa, na bado naumwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa kinywa changu mwenyewe, na nililisema mbele ya nusu ya kanisa. Mume wangu akapanda kwa kamba, akasimama mbele yangu, tope tupu. Mchimbaji mmoja mzee akaniuliza kwa upole mkubwa, "Kwa hiyo, mama fundi, hakuna hata kidogo?"

"Dhahabu hakuna," nikasema. "Mungu yupo, ila sidhani kama yuko humo."

Mume wangu akaanza kucheka, wengine wakafuata, mpaka mchungaji akalazimika kukalia ndoo. Jioni ile nilifungua kopo la vifungo nikameza kidonge changu cha kwanza, mama akiwa ameshika kikombe cha maji.

Shimo halikupotea bure. Walilijengea, wakalimwagia zege juu, wakaliezeka, na leo kanisa letu lina choo chenye kina kirefu kuliko vyote pale senta. Wageni wakikisifia, mimi ndiye ninayeonyeshwa kama mgunduzi.

Lakini majuma yaliyofuata hayakuwa ya kucheka. Nilikula, nililala, nilishona, na kwenye chaki hapakuwa na kitu ila chaki. Kanisani nilifungua kinywa pamoja na kwaya na sikuhisi chochote. Nilihuzunika sana, nikaamini kwamba kile nilichokiogopa ndicho kilichotokea. Nilimwambia yule mama wa miwani, akanipunguzia dozi kidogo, akaniomba nisiache.

Halafu mvua zikaanza. Asubuhi moja nilikuwa barazani napinda suruali ya shule, mama kando yangu akitafuna michembe. Yule kuku akaja na miguu yenye matope, akapanda juu ya kitambaa cha mteja, akajilaza. Nikamtazama. Ikaja taratibu, bila kunisukuma, ikakaa. Chaki ilikuwa chaki, na ilikuwa inanipenda. Mguu wangu haukuacha kukanyaga cherehani.

"Mama," nikasema, "imerudi."

Mama aliacha kutafuna. Aliweka bakuli chini, akanishika kiganja, akanikazia macho.

"Asubuhi umekula?"

"Nimekula. Uji na muhogo."

"Jana umelala?"

"Nimelala mpaka wewe ndiye umeniamsha."

Akaniangalia kidogo tena, kisha akachukua bakuli lake.

"Basi hiyo ni yako," akasema. "Kaa nayo."