Kitandiko cha Pembe Tano

Juzi nilishuka Biashara Street kumtafutia mjukuu wangu zawadi ya arusi. Dukani nikaonyeshwa kitandiko cha vipande vya pembe sita, kila kimoja kimekaa ubavuni mwa mwenzake bila mwanya. Muuzaji akakisifu sana, nami, mtu mzima na mvi zangu, nikanuna. Wivu wangu ni wa zamani, msomaji wangu, na ni wa mtu mmoja tu: binti wa jirani.

Tulikaa Mji wa Kale, nyumba zimetazamana hata vitumbua vya kwao tulivijua kwa harufu kabla ya kuletewa. Ilikuwa miaka ya sitini, bendera ya uhuru ingali mpya. Mimi na yeye tulisoma darasa moja, tukikuna nazi ua mmoja, na kila kitu alinishinda. Nazi yake ilitoka laini, yangu vigaga. "Yule ana mkono," bibi alikuwa akisema. Bibi yangu mimi, si wake.

Dada yangu alipoposwa, sisi wasichana tuliambiwa kila mmoja amshonee kitandiko kwa mabaki ya leso kutoka kwa fundi cherehani. Siku ya arusi wanawake huingia chumbani kutazama kitanda cha bibi arusi, na dada akasema kitakachopendeza zaidi ndicho kitakachotandikwa. Dada alikuwa wangu na kitanda cha kwetu. Nilitaka itandikwe kazi yangu, basi.

Binti wa jirani akakata vipande vya pembe sita. Mimi, nisifanane naye hata kidogo, nikakata vya pembe tano, pande zote sawa na pembe zote sawa. Nikaunganisha vitatu kwenye kona moja, mwanya ukabaki. Nikauvuta kwa uzi. Nikaongeza vingine, nikavuta tena, na kadiri nilivyoshona ndivyo kitambaa kilivyoinuka katikati. Nikikibonyeza huku, chachomoza kule. Bibi akakinyanyua, akakigeuza.

"Hichi ni kitandiko au ni bakuli, mjukuu wangu?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kikatandikwa cha mwenzangu, wanawake wakakipigia vigelegele, nami nikala biriani ya arusi kwa hasira, sahani mbili.

Miezi kadhaa baadaye mwalimu wa hesabu alichora ubaoni umbo la pembe tano. Kutoka kona moja akavuta mistari kwenda kona za mbali, likagawika pembetatu tatu. Akasema idadi ya pembetatu hizo daima ni idadi ya pande ukitoa mbili, na kila moja ina digrii mia na themanini. Nikapiga hesabu mbio: mia tano na arobaini, gawa kwa tano. Kila pembe ya vipande vyangu ilikuwa mia na nane. Tatu zikikutana ni mia tatu ishirini na nne, na mzunguko mzima unataka mia tatu na sitini. Kumbe ule mwanya haukuwa ubaya wa mkono wangu. Pembe za mwenzangu zilikuwa mia na ishirini, tatu zikatosha kamili.

Nilifurahi mno, kwani nilijua kitu asichokijua yeye. Dawati lake lilikuwa tupu. Alikuwa ameshawekwa ndani, kama walivyofanyiwa wasichana wengi wa mtaani kwetu wakivunja ungo, wangoje mchumba.

Jioni ile nikaenda kwao kumringia. Nilimchorea kwa chaki sakafuni, akasikiza mpaka mwisho, akihesabu pembetatu kwa kidole.

"Basi vya pembe saba vitapandana," akasema. "Pembe zake zitazidi hizi za sita."

Mimi sikuwa nimefika huko. Nilikuwa nainuka niende zangu, nimenuna, aliponishika mkono.

"Kesho mtasomeshwa nini?"

Aliolewa ng'ambo, sikumwona tena. Nyumba zile mbili sasa ni maghala, na vitumbua vya alfajiri hakuna anayevipika pale. Mimi niliendelea na masomo hadi nikawa mwalimu wa hesabu. Umbo lile nililichora mbele ya mabinti wa watu miaka mingi, na kila darasa lilikuwa na mmoja aliyelielewa kabla sijamaliza mistari. Nilimwonea wivu, sikufichi. Halafu nikaomba kesho nimkute dawatini.