Mtoto wa Tatu kwenye Wasifu wa Baba Sharon

Hii nawasimulia mkiwa mmeketi, na atakayecheka kabla sijamaliza nitamfukuza hapa, kwa sababu mpaka leo nikipita karibu na lile kanisa la mtaa wa Mbotela najifunika leso mpaka puani kama mtu anayetafutwa.

Mnajua kazi yangu ni kuandika. Kwenye kakibanda kangu ka kuchapisha naandika barua za kuomba kazi, kadi za harusi, na zaidi wasifu wa marehemu, vile vijitabu vya picha vinavyogawanywa kwa mazishi. Basi jirani yetu Baba Sharon, aliyekuwa mpakiaji kwenye kiwanda fulani Industrial Area hapa Nairobi, akafariki, na mkewe akanijia. "Dada, niandikie vizuri na usome wewe mwenyewe, watu wa ushago, kijijini kwao, wanakuja wote, na mama mkwe hajawahi kunipenda." Nikamwambia asijali. "Njoo basi jioni nikueleze maisha yake," akasema, machozi yakamshinda.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikaona nimhurumie, jamani, mtu analia hivyo utamuuliza walioana lini? (Sawa, ukweli ni kwamba naogopa vilio. Mtu akilia mbele yangu natamani kutoroka.) Nikamwambia, "Pumzika mama, nitafanya utafiti mwenyewe." Utafiti! Huu mdomo wangu.

Utafiti wenyewe ulikuwa kufungua ukurasa wa marehemu mtandaoni na kunakili. Kuzaliwa, nikapata. Shule, nikapata. Kisha nikaona picha yake, amevaa shati jeupe, amemshika bega msichana mwenye joho la mahafali, na chini ameandika, "Daisy binti yangu, leo umetutoa kimasomaso." Nikashtuka kidogo, maana mimi namjua Sharon na Brian tu, lakini nikajiambia huyu mkubwa labda alilelewa na nyanya yake, na si marehemu mwenyewe ndiye ameandika, nani angejua watoto wake kumshinda? Nikaandika watoto watatu. Simu moja kwa Mama Sharon ingemaliza maneno, na sikupiga.

Siku ya ibada kanisa lilijaa. Mbele familia, nyuma wenzake wa kiwandani waliotembea kutoka Mukuru kwa Njenga, wengine na ovaroli zao. Nikasoma kwa madaha mpaka nikafika, "Ameacha mjane na watoto watatu, Daisy, Sharon na Brian."

Kisha nikasikia karatasi zikifunuliwa, na vichwa vikaanza kugeuka kumtafuta huyo Daisy. Nikafikiri labda hawajanisikia, na mimi mjinga nikaurudia ule mstari kwa sauti zaidi.

Mama mkwe akasimama. "Daisy ni nani? Mwanangu alikuwa na nyumba nyingine? Mwili hautoki Nairobi mpaka nionyeshwe huyo mtoto na mama yake!"

Mama Sharon akajaribu kusimama, lakini wanawake walidhani anazirai, wakamkamata mikono wakampepea na vijitabu vyangu, na kila akifungua mdomo wanamwambia, "Lia mama, lia usiweke ndani." Sharon alikuwa ananiangalia mimi, si nyanya yake, mimi. Ndugu wa marehemu akatoka nje kumwambia dereva wa gari la maiti azime gari. Mungu wangu, nilifikiri, nimemvunjia huyu mama nyumba na mume wake bado yuko kwenye jeneza.

Ndipo mwanamume mmoja akaja kutoka nyuma, kofia mkononi. "Daisy ni wangu," akasema. "Siku ya mahafali nilinyimwa ruhusa kazini. Huyu marehemu alikuwa ametoka zamu ya usiku, hajalala, akaenda akasimama mahali pangu ili mtoto wangu asikose baba wa kupigwa naye picha."

Mama mkwe akakaa polepole. Watu wakaanza kulia upya, na mimi nikalia pia, kwa aibu. Hayo ndiyo yalistahili ukurasa wa kwanza, na mimi sikuyajua.

Nje, karibu na gari la maiti, nikamfuata Mama Sharon nimwombe msamaha. Hakuniacha nimalize. "Shati hiyo nyeupe niliipiga pasi mimi, asubuhi hiyo hiyo," akasema. "Nilikuwa nikuambie, si nilikuita?" Akapanda gari.

Siku hizi mtandao naufungua mwisho. Kwanza nakaa na wenyewe, nauliza hata majina ya watoto ninaowajua, na mtu akilia nangoja amalize, hata kama tutakaa hapo siku nzima. Mama Sharon bado ni jirani yangu, na ananisalimia vizuri tu kila asubuhi. Heri angenitukana.