Enduru Niliyoipiga Juu ya Mgunga

Jamani, mimi nimeaibika. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa hivi tumalizane, maana hapa Kamuli wameshacheka hadi wamechoka, na juzi nilipopita sokoni mama mmoja nisiyemjua kabisa, muuza dagaa, aliniangalia akaniuliza kwa upole mkubwa, "Baba, leo hujaja na mkeo?" na wenzake wote wakainamia mafungu yao mabega yakitikisika. Sikununua dagaa. Nilirudi nyumbani nikala ndizi na maharage peke yangu.

Ngoja niwaeleze vizuri. Mke wangu, Mama Koku, alikwenda kwao Nyaishozi kumuuguza mama yake aliyeanguka akavunjika nyonga. Tulisema ni kwa muda mfupi. Muda mfupi ukapita, kahawa ikaiva, nikaichuma, nikaianika, nikaianua mwenyewe mvua ilipotishia, maharage ya msimu mwingine yakapandwa, na Mama Koku bado yuko Nyaishozi (simlaumu, mama ni mama, na mimi ndiye niliyemwambia aende). Koku mwenyewe ameolewa Mwanza. Nyumba yangu ni ya mwisho, pale migomba inapoishia na mbuga inapoanzia, hakuna anayepita kwangu akielekea kokote. Jioni moja niligundua kwamba tangu nilipoamka sijafungua mdomo kusema hata neno moja, nikakohoa ili tu nisikie kama sauti bado ipo. Upweke ni kitu kibaya, waitu, ndugu zangu, usikie tu kwa wengine.

Ndipo akaja yule ng'ombe. Mbugani kuna mfugaji anaitwa Kamugisha, mtu mwema, ng'ombe wake ni hawa wa pembe ndefu, na kati yao kuna mmoja mwekundu, wa rangi ile wafugaji wanayoiita bihogo, na hilo ndilo jina lake. Kundi likirudi jioni huyo Bihogo alikuwa anachomoka anakuja kusimama kwenye uzio wangu. Siku ya kwanza nikampa chumvi kiganjani, akalamba, ulimi wake unakwaruza kama msasa. Kesho yake akarudi. Nikawa naweka chumvi kwenye mfuko wa koti langu la kahawia kila jioni, tunasimama pale, analamba mimi naongea. Naongea nini? Mambo ya nyumbani tu. Na nilimpa jina jingine la kwangu mwenyewe, ila hilo nitawaambia baadaye, msinikimbize.

Sasa tuje kwenye nyayo. Kijijini kwetu kuna kikundi kinachofuatilia wanyama wa porini, hasa nguruwe pori wanaofukua mihogo ya watu, wanafuata nyayo mpaka wajue mnyama anaingilia wapi, wanaziba njia kwa miiba, na akiwa mnyama mkubwa wanawaita watu wa wanyamapori. Kiongozi wao ni Mama Bena, mama wa asili ya Burundi aliyezaliwa hapahapa. Asubuhi nilikuwa nawasikia wakirudi, wanacheka, wanakwenda kwa Mama Bena kunywa uji pamoja. Nikaomba kujiunga. Nilisema nimechoka na nguruwe. Uongo. Nguruwe hawajawahi kunilia hata muhogo mmoja. Nilitaka kuwa mle ndani ya kicheko, basi.

Na kujifunza nilijifunza, msinidharau. Mama Bena alinifundisha nisimame nyayo zikiwa kati yangu na jua, ili kivuli kijae ndani ya alama uione hata kwenye udongo mgumu. Alinifundisha kupasua kinyesi kwa kijiti kuona kama ndani bado kibichi, na kuangalia umande umekatika wapi kwenye majani. "Baba Koku, acha kuangalia miguu yako," alikuwa ananiambia, "miguu yako unaijua, angalia mbele!" Ukipotea, rudi kwenye alama ya mwisho uliyokuwa na uhakika nayo. Na kuhusu nyati alituambia wote, akiwa amekunja uso, kwamba nyati ukimfuata anazunguka anakuja nyuma yako, kwa hiyo ukikuta kwato zake zimekanyaga juu ya nyayo zako panda mti kwanza, mengine baadaye.

Ikafika siku ya kunipima. Utaratibu wao ni kwamba anayepimwa anatangulia peke yake kwenye mnyama mmoja, wenzake wanabaki chini kwenye chemchemi, anafuata mpaka apate mahali alipolala, ndipo anawaita. Nikifaulu nitakuwa mtangulizi, na mtangulizi haachwi nyuma, kila asubuhi wanapita mlangoni kwake kumchukua. Hebu fikiri, watu wanapita mlangoni kwangu! Usiku sikulala vizuri kwa furaha.

Asubuhi nikafanya uamuzi mdogo tu, mdogo kabisa. Nilikuwa na sweta la kijani na koti la kahawia. Nikaona koti ndilo rangi ya nyasi kavu, nikavaa koti. Mfukoni sikuangalia.

Nikapewa pongo wa kumfuata, yule paa wa vichakani, dume, nyayo zake nzuri ndogo zilizochongoka. Nilimfuata, waitu, nilimfuata kama mtu anayesoma barua! Hapa amesimama, hapa amekula, hapa amekojoa, nikavuka nyasi ndefu, nikaingia vichakani, nimeinama, sitazami nyuma, na moyoni najisemea kumbe na mimi ni mtu. Kisha kwenye mawe nikampoteza. Nikasema hamna shida, Mama Bena alifundisha, rudi kwenye alama ya mwisho. Nikageuka kurudi.

Juu ya alama ya buti langu kulikuwa na ukwato. Mkubwa, wa duara, mbichi, udongo wa kingo zake bado unamomonyoka. Hatua inayofuata, buti langu, na juu yake ukwato tena. Na inayofuata hivyohivyo. Kitu kilikuwa kinanifuata mimi, taratibu, hatua kwa hatua. Kichakani mbele yangu kitu kikapumua, fuuu, na juu ya majani nikaona ncha ya pembe.

Hapa lazima mniambie mimi ni mjinga, maana ilikuwa pembe ndefu iliyonyooka kuelekea mbinguni, na nyati gani katika dunia hii ana pembe ya namna hiyo, na mimi nimezaliwa nikiwaona ng'ombe wa pembe hizo kila siku ya Mungu. Lakini mwenye hofu haangalii pembe, anaangalia mti. Mti uliokuwepo ni mgunga. Niliupanda na miiba yake yote, suruali ikabaki nusu kwenye tawi la kwanza, na nilipofika juu nikajaza mapafu nikapiga enduru.

Kwa asiyejua, enduru ni lile yowe letu la hatari. Ukilisikia unaacha ulichoshika unakimbia, huulizi, na unayemkuta njiani unakimbia naye, maana siku nyingine itakuwa zamu yako. Haipigwi kwa mchezo. Kikundi kikaipokea kule chini, mashambani wakaipokea, wanakwaya waliokuwa wanafanya mazoezi kanisani wakaipokea kwa sauti nne, na kabla sijapumua vizuri kilima kizima kilikuwa kinapanda watu. Walikuja na mapanga, mikuki, majembe. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja amenyolewa upande mmoja, povu bado liko upande wa pili. Kamugisha alikuja na fimbo yake ya kuchungia.

"Yuko wapi?" akauliza Mama Bena.

"Hapo kichakani! Nyati! Msisogee, ataua mtu!"

Wakazunguka kichaka, mikuki mbele. Majani yakafunguka, akatoka Bihogo anacheua.

Hakuna aliyecheka kwanza, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ng'ombe alipita katikati ya mikuki bila kumwangalia mtu, akaja chini ya mgunga wangu, akanyoosha shingo, akaanza kulamba buti langu lililokuwa likining'inia.

"Mbona huyu ni Bihogo wangu?" Kamugisha akasema. Akapiga mluzi. Akamwita. Ng'ombe hata sikio hakugeuza. "Anataka nini huko juu?"

Ikabidi nishuke, na nguo zangu zilivyokuwa nilishuka nikiwa nimewapa mgongo nisioweza kuuelezea. Sijafika chini vizuri Bihogo akatumbukiza pua yote mfukoni mwa koti, chumvi ikamwagika mbele ya kadamnasi.

"Kumbe ni wewe!" Kamugisha akapiga paja. "Kila jioni nahesabu ng'ombe mmoja hayupo, nikadhani ana kichaa!" Akamshika kumvuta, ng'ombe akatingisha zile pembe, watu wakarukia huku na huku.

"Baba Koku," akasema Mama Bena, na nilimwona anakaza midomo asicheke, "si anakusikia wewe? Mwite basi atoke hapa, mwite kama unavyomwita siku zote."

Nikasema, haya, nenda. Wapi! Nikasema, Bihogo, twende. Wapi! Nikaita kwa sauti ya chini sana lile jina. "Sauti, hatusikii!" mwenyekiti akafoka na povu lake. Nikafumba macho.

"Mama Koku, twende nyumbani."

Masikio yakasimama, akageuka, akaanza kunifuata polepole, mama wa watu.

Sitaeleza kile kicheko. Wapo waliokaa chini. Mwanakwaya mmoja alilala kabisa. Mwenyekiti alipopata pumzi alisema enduru haipigwi bure, niliowaita niwalishe, na umati wote ukateremka kwangu. Nikakata ndizi, akina mama wakamenya, moto ukawashwa, kila anayefika ananisimulia upya kisa changu mwenyewe, na uani hapakuwa na pa kukanyaga. Nilikuwa na aibu kiasi cha kushindwa kuinua uso, na, niseme ukweli, nilikuwa na furaha. Kisha wakaondoka. Niliwasikia wanateremka wakiigiza sauti yangu, kicheko kikawa kidogo, kikawa kidogo zaidi, kikaisha. Nikafagia maganda. Nyumba haijawahi kuwa kimya vile.

Kamugisha siku hizi anachungia upande wa pili wa kilima, amesema kwa utaratibu tu. Mama Bena aliniambia, "Pumzika kwanza kidogo, Baba Koku," na hajaniita tena. Asubuhi nawasikia wanapita mbali.

Halafu simu ikaita.

"Baba Koku."

"Naam."

"Nasikia umeoa mke mwenye pembe."

Nikataka ardhi inimeze. "Nani amekuambia?"

"Nyaishozi yote. Hata mama amecheka, na tangu aanguke alikuwa hajacheka." Kisha akauliza, "Huwa unamwambia nini?"

Nilitaka kusema hamna, utani wa watu tu. Sijui kwa nini nilisema ukweli. "Namwambia kahawa imekauka vizuri. Namwambia paa la jikoni linavuja pale unapokaa wewe. Namwambia jioni ni ndefu sana."



"Mimi ukinipigia unaniambia huku salama," akasema. "Ng'ombe wa watu anajua jioni zako ni ndefu, mimi mkeo naambiwa salama." Sauti yake haikuwa ya mtu anayecheka tena.

Kwa hiyo naapa mbele yenu, chumvi yangu ni ya mboga, na maneno ya nyumbani nitampa mwenyewe, mke wangu. Nimeanza jana. Nilimpigia nikamwambia wazi, Mama Koku, nimekukumbuka, njoo hata siku moja. Akasema mama bado hawezi kusimama. Nikasema najua. Akasema, "Basi si uje wewe?"

Jamani. Msimu mzima nilikuwa namngoja arudi kwa barabara ile ya Nyaishozi, mimi mtu wa kufuata nyayo, na haikunijia hata siku moja kwamba na mimi ninaweza kuipita. Kesho naondoka na gari la kwanza.