Sinema ya Depo ya Pamba, Upande wa Nyuma

Ile sinema ya mutaa wetu wa Kasongo imebomolewa, matofali yamejenga nyumba za watu, na leo pale panauzwa mawese. Wajukuu wangu wanapita wanasema hapakuwa kitu. Hapakuwa kitu? Mimi niliingia mule na macho yangu haya mawili.

Ilikuwa depo ya kuwekea pamba, wakati wa Wabeleji. Mwenye depo alitundika shuka kubwa nyeupe katikati, akaziba madirisha na magunia, na kila Jumapili muchana masini ya picha inanguruma. Hata watu wa Lusangi walikuja kwa miguu. Wanaume walikaa mbele ya shuka, wanawake nyuma yake, ndivyo wazee wetu Waislamu walivyotaka. Picha ilipenya nguo. Farasi wanakimbia, wazungu wanakula mezani, na sisi wa nyuma vigelegele mpaka mabati yanatetemeka!

Nyumbani nilimusimulia bibi yangu, aliyenilea, yote. Kinywa changu kikaniponza: nikasema wazungu wanakunywa supu na mukono wa kushoto. Bibi akaweka sahani chini. Kwetu mukono ule kazi yake iko chooni. Akanikataza sinema kabisa.

Nililia siku tatu. Kaka yangu akanicheka, kwani yeye, upande wa wanaume, aliona kijiko kiko kuume. Nikamuambia iko muongo.

Filme ilikuwa moja mwezi muzima, basi Jumapili nikatoroka. Supu ilipoletwa nikapita chini ya shuka, nikatokea mbele ya wanaume wote. Kuume kabisa! Kivuli cha kichwa changu kilimeza meza ya wazungu, wanaume wakanitukana, nami nimesimama tu ninacheka. Kumbe ni kule nyuma kulikogeuza mambo.

Bibi hakuniamini. Jumapili iliyofuata alibeba kigoda chake, akanishika mukono, akaketi mbele kabisa. Nani angemufukuza? Alikuwa mukunga, nusu ya wale wanaume aliwapokea yeye walipozaliwa. Alikitazama kile kijiko, kisha akawageukia.

“Ninyi muliwaweka watoto wangu nyuma waone dunia imepinduka?”

Wanawake wakaanza kutoka na mikeka yao, mumoja mumoja, wakakaa mbele.

“Wewe kaa hapa,” bibi akaniambia, “na usinipigie kelele, ninataka kuona.”

Farasi wakatokea. Kigelegele cha kwanza kilikuwa chake.